Je, katani ya mkonge inaweza kufungia kidonda?

Mwana wa Korogwe

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo katika jambo ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu. Nimezaliwa Korogwe, baba yangu alikuwa mkata mkonge, na kwa sasa ninafanya kazi na kikundi kidogo cha wakulima wanaouza katani kwa watengenezaji wa kamba na magunia. Wanaoujua mkonge wanafahamu kwamba jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuparua majani, kinachotoka kama nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake, na hata katika hizo chache, singa fupi zinazodondoka chini ya mashine ya brashi kwetu hazina mnunuzi wa maana. Ni hizo singa fupi ninazoziuliza leo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi inayoonyesha kwamba nyuzi za mkonge zinaweza kugeuzwa kuwa kitu laini kinachonyonya maji kwa kiwango cha kushindana na pamba, nao walilenga taulo za kike. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza: kama nyuzi hizi zinaweza kupokea damu ya hedhi, kwa nini zisipokee majimaji ya kidonda? Katika zahanati iliyo karibu nasi, mara nyingi mgonjwa huambiwa akajinunulie bendeji na pamba dukani, na nimeshuhudia mzee mwenye kidonda ndugu mguuni akikifunga kwa kipande cha khanga ambacho alikifua na kukirudia wiki nzima.

Tumejaribu kidogo. Tulichukua gramu 200 za singa fupi, tukazichemsha kwa saa mbili katika sufuria yenye maji na kostiki soda, tukazisuuza mara nne na kuzianika juani. Zilibadilika kutoka manjano hafifu kuwa kahawia, na zikalainika kidogo. Lakini nilipofinyanga donge dogo na kulitia katika beseni la maji, lilielea kama kifuu cha nazi; nililiacha jioni, na asubuhi sehemu ya juu ilikuwa bado kavu. Zaidi ya hayo, ncha za singa bado zinachoma kidole, na mwenzetu aliyesuuza bila glavu aliwashwa mikono hadi siku ya pili.

Ninachoomba kujua ni hiki: tunakosea wapi katika kulainisha, je, kitu kama hiki kinaweza kuwekwa juu ya kidonda cha mtu bila kumdhuru, na je, ingekuwa busara zaidi kuachana na mkonge na kutafuta nyuzi za mgomba?

Mkemia Mstaafu wa Nguo

Ndugu yangu wa Korogwe, hongera kwa kufanya jaribio kabla ya kuuliza. Nitaanza na lile donge lililoelea, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu.

Hata pamba iliyotoka shambani huelea. Juu ya kila uzi wa pamba kuna tabaka jembamba la nta, na mpaka nta hiyo iondolewe kwa kuchemshwa katika kostiki soda, kisha pamba ieupishwe, haiwezi kunyonya. Vitabu vya viwango vya dawa vinataka pamba ya hospitali ikiwekwa juu ya maji izame ndani ya sekunde 10, na kila gramu moja ishike maji yasiyopungua gramu 23. Andika namba hizo mbili ukutani, kwa sababu ndizo zitakazokuambia ukweli kila utakapobadilisha jambo katika upishi wako.

Katani ina tatizo la ziada. Unachokiona kwa macho kama singa moja ni fungu la seli nyingi zilizogandishwa pamoja kwa lignini na gundi nyingine za mmea. Singa nzima ina unene wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 300, wakati uzi wa pamba una kati ya 10 na 20 hivi, na ndiyo maana singa inachoma kidole. Ndani ya fungu hilo, kila seli ina urefu wa milimita 3 tu kwa wastani na unene wa mikromita 20 hivi. Pamba ni selulosi, ile dutu inayojenga nyuzi za mimea, kwa zaidi ya asilimia 90. Katani ni selulosi kwa takribani theluthi mbili, na lignini peke yake ni kama sehemu moja ya kumi. Saa mbili za sufuria zimeondoa uchafu wa juu, lakini fungu halijafunguka. Lazima upike mpaka lifunguke, yaani mpaka upate rojo kama la karatasi, na kwa kostiki soda jambo hilo huhitaji chombo kinachofungwa na chenye shinikizo, pamoja na muda wa kutosha.

Kutokana na hapo lazima ukubali jambo moja: mkonge uliopikwa vizuri hautakupa uzi wa kufuma shashi. Seli ya milimita 3 haisokoteki. Utapata manyoya mafupi na mepesi ambayo yanaweza kutandazwa na kushonewa ndani ya kitambaa, yaani pedi ya kunyonya. Basi usijipime na bendeji wala shashi, jipime na pamba.

Watafiti uliowataja walitumia asidi ya peroksifomiki, ambayo hupatikana kwa kuchanganya asidi ya fomiki na haidrojeni peroksaidi, nayo huvunja lignini bila kuhitaji shinikizo kubwa. Ni njia nzuri, lakini sitaki uijaribu nyuma ya ghala. Mchanganyiko huo unaunguza ngozi na macho, na ukifungiwa ndani ya chombo unaweza kulipuka. Fanya hivyo katika maabara yenye mtu aliyefundishwa. Kwa kueupisha, tumia haidrojeni peroksaidi na uepuke klorini, kwa sababu klorini ikikutana na lignini huacha mabaki ambayo hayafai kukaa juu ya nyama mbichi.

Sasa ile mikono iliyowashwa. Huenda kostiki soda ilihusika, na kuanzia leo asiguse mtu bila glavu. Lakini jani la mkonge lenyewe lina sindano ndogo mno za kalisiamu oksaleti, na lina saponini, ile inayotoa povu kama sabuni. Kwa pamoja huwasha ngozi, na wafanyakazi wa mashambani wanalijua hilo tangu zamani. Sindano hizo haziyeyuki katika maji, huyeyuka katika asidi kali kama ya haidrokloriki, kwa hiyo kusuuza tu hakutoshi: suuza rojo juu ya chekeche laini ili zipite chini, kisha omba mtu mwenye hadubini aangalie kama zimebaki. Saponini unaweza kuitafuta mwenyewe kwa kipimo kinachotumika kwa pamba ya hospitali. Loweka gramu 15 za nyuzi zako katika mililita 150 za maji kwa saa mbili, chukua mililita 10 za maji hayo, uyatie katika silinda ya kupimia yenye kizibo, utikise kwa nguvu mara 30 ndani ya sekunde 10, usubiri dakika moja, urudie. Baada ya dakika 5 povu lisifunike uso wote wa maji. Likifunika, nyuzi hizo bado hazijawa safi.

Kuhusu mgomba, kanuni ni ile ile, nao si njia ya mkato. Swali gumu zaidi ni kwa nini usitumie pamba ya Simiyu na Shinyanga, ambayo maumbile yamekwisha kuifanya karibu selulosi tupu, na ambayo sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi. Mimi ninaona mkonge una haki ya kujaribiwa kwa sababu singa zako fupi zinatupwa, lakini usimwambie mtu kwamba unaishinda pamba kabla ya kupima. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waligeukia kuvumwani, yaani mimea midogo laini ya kwenye madimbwi, kwa ajili ya vidonda vya askari, kwa kuwa pamba ilitakiwa pia katika kutengeneza baruti, na kufikia mwaka 1918 walikuwa wakipeleka pedi za kuvumwani zipatazo milioni moja kwa mwezi. Zilifanya kazi vizuri sana, na vita ilipokwisha dunia ikarudi kwenye pamba.

Muuguzi wa Chumba cha Vidonda

Mdogo wangu wa Korogwe, na wewe Mzee wetu Mkemia, shikamoo. Nimesoma kila neno, na ninataka kulileta suala hili kwenye meza ya kufungia vidonda, mahali ambapo nimesimama kwa miaka 19.

Wote mmeongea kuhusu kunyonya. Kunyonya ni muhimu, lakini mimi huihukumu nguo ya kidonda siku ya kuibandua. Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka minne aliyeunguzwa na uji kifuani, akitoka mahali pengine ambapo walimwekea gozi kavu, yaani shashi, moja kwa moja juu ya nyama. Siku ya tatu gozi ile ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda. Nilimwagia maji ya chumvi ya hospitali, nikasubiri, nikainua pembe moja, na chini yake vikaonekana vitone vidogo vya damu, kila kimoja katika tundu la mfumo wa kitambaa, kwa sababu nyama mpya ilikuwa imeotea ndani ya matundu yale. Ilinichukua karibu saa nzima. Kila uzi uliotoka ulitonesha mahali palipokuwa pameanza kupona, na mtoto yule kwa wiki mbili zilizofuata alikuwa akilia mara tu anapoona koti jeupe.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kidonda kinapaswa kukauka na kufanya kigaga. Mwaka 1962 George Winter aliandika katika jarida la Nature kwamba majeraha madogo ya nguruwe yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki na kubaki na unyevu yalijifunika kwa ngozi mpya takribani mara mbili ya kasi ya yale yaliyoachwa wazi yakauke. Tangu hapo tunafundishwa kwamba kidonda kisioge katika majimaji wala kisikauke, na kwamba kinachogusa nyama kisigande nayo. Kwa sababu hiyo, mdogo wangu, ninaogopa sana hayo manyoya ya milimita 3. Yakiachia hata kidogo yatabaki ndani ya kidonda, mwili utayaona kama kibanzi, na kidonda kitaendelea kuvimba bila sababu inayoonekana.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu kidonda hakifungwi kwa kitu kimoja. Chini tunaweka kisichoganda, kwa mfano gozi iliyopakwa vaselini. Juu yake tunaweka pedi nene ya kunyonya. Kisha bendeji inashikilia. Ni katika hiyo tabaka ya pili ambapo tunapungukiwa kila siku. Mgonjwa wa kidonda ndugu, kama yule mzee wako wa khanga, anaweza kulowanisha pedi tatu kwa siku, majimaji yakafika kwenye soksi na shuka, akaona haya kukaa na watu. Pedi ya mkonge iliyofungwa ndani ya kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa ukaribu, isiyogusa nyama na isiyomwaga manyoya, ingenisaidia zaidi kuliko mnavyofikiri.

Nitaje pia jani la mgomba, kwa kuwa umeuliza kuhusu mgomba. Madaktari wa Mumbai, India, walichapisha mwaka 2003 kazi kuhusu kufunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba yaliyotakaswa, na sifa yake kubwa ni kwamba jani lina nta na halishikani na kidonda. Tazameni basi: kwenye tabaka ya juu Mzee anaikimbiza nta, na kwenye tabaka ya chini nta hiyo hiyo inahitajika. Ila ninaomba asiyekuwa mtaalamu asichume jani shambani na kuliweka juu ya jeraha. Vijidudu vya pepopunda vinaishi udongoni, mbegu zake huvumilia mambo mengi, na nimeona pepopunda kwa macho yangu.

Mwanafunzi wa Kemia, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Simpingi Mama Muuguzi, ila ningependa tusiufungie mkonge mlango wa tabaka ya chini moja kwa moja. Zipo nguo za vidonda za kisasa ambazo zinatokana na mimea na ambazo haziwi kavu: selulosi ya miti huyeyushwa, huvutwa kuwa nyuzi ndefu, kisha hubadilishwa kikemikali kuwa kaboksimethili selulosi ya sodiamu. Nyuzi hizo zikikutana na majimaji ya kidonda hugeuka kuwa jeli, na hubanduliwa zikiwa kipande kimoja laini. Rojo la mkonge lililosafishwa ni selulosi vilevile, kwa hiyo kimsingi linaweza kupitia njia hiyo. Nyuzi za alijineti nazo hugeuka jeli, kwa kubadilishana kalisiamu yake na sodiamu ya kidonda, lakini wenzetu wa Zanzibar wasidanganyike: alijineti hutoka katika mwani wa kahawia, na mwani unaolimwa Unguja na Pemba kwa ajili ya kuuza nje ni wa kundi jekundu, unaotoa karajini, si alijineti.

Mkemia Mstaafu wa Nguo

Marahaba. Kijana wa Morogoro amesema kweli, na ninamtia moyo alifanye hilo kuwa somo la utafiti wake chuoni. Lakini kwa kikundi cha Korogwe ninasema hapana. Kemikali inayotumika, asidi ya monokloroasetiki, hupenya kwenye ngozi, na ikimwagikia mtu katika eneo kubwa inaweza kumuua. Tena kipimo cha mabadiliko kina uwanja mwembamba: ukibadilisha kidogo mno nyuzi hazifanyi jeli, ukizidisha zinayeyuka ndani ya kidonda.

Mpimaji wa Vifaa Tiba

Nimefanya kazi ya upimaji wa maabara, kwa hiyo nitasema machache kuhusu njia iliyo mbele, kwa sababu wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kuchapisha vifungashio.

Unyonyaji wa pedi ya kidonda haupimwi kwa maji ya bomba. Kiwango cha Ulaya cha EN 13726 kinatumia maji yenye gramu 8.298 za chumvi ya kawaida na gramu 0.368 za kalisiamu kloraidi katika lita moja, ili yafanane na majimaji ya mwili kwa madini yake. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 hulowekwa katika maji hayo, yenye uzito mara 40 ya kipande, kwa dakika 30 kwenye nyuzijoto 37, kisha huning'inizwa kwa sekunde 30 na kupimwa. Mizani nzuri na tanuri dogo vinatosha, na chuo chochote chenye maabara kinaweza kuwasaidia. Ongezeni kipimo kimoja cha mazingira halisi: wekeni uzito juu ya pedi iliyolowa, kwa sababu mgonjwa huulalia mguu wake, na pedi inayorudisha majimaji ikikandamizwa haifai.

Usalama kwa mwili hupimwa kwa mfululizo wa viwango vya ISO 10993, ambamo sehemu ya 5 inaangalia kama kinachochujuka kutoka kwenye nyuzi kinaua seli, ya 10 mzio, na ya 23 mwasho wa ngozi. Kwa mmea wenye historia ya kuwasha kama mkonge, ningeanza na sehemu ya 5 mapema sana, kabla ya kutumia fedha kwa jambo jingine lolote. Kutakasa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 kunafaa kwa selulosi, mradi kifungashio kiruhusu mvuke kuingia na baadaye kikauke. Mionzi ya gama nayo hutakasa, lakini hudhoofisha selulosi, kwa hiyo pimeni tena uimara na umwagaji wa manyoya baada ya kutakasa.

Mwisho ni sheria. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, huvigawa vifaa tiba katika madaraja manne, A hadi D, kwa kufuata hatari yake, na pedi ya kunyonya tu haiko daraja moja na kitu kinachodaiwa kuponya kidonda kirefu. Kwa hiyo kila neno mtakaloandika kwenye pakiti litabadilisha kiasi cha ushahidi mtakaodaiwa. Na msimwekee mgonjwa yeyote, hata kwa nia njema na hata akiomba mwenyewe, kabla ya kupata kibali cha maadili ya utafiti kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na kibali cha TMDA.

Mwana wa Korogwe

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Tumepata chuo kilichotupokea katika maabara yake, na tumepika upya katika chombo cha shinikizo, tukasuuza juu ya chekeche na kueupisha kwa peroksaidi. Safari hii nyuzi zimefunguka kweli. Zikikauka na kuchambuliwa zinafanana na pamba iliyochakaa, na hazichomi tena. Donge limezama kwa sekunde 40. Gramu moja imeshika gramu 14 za maji. Lakini povu bado linafunika uso wote wa silinda, na halikupungua hata baada ya dakika 5. Mama Muuguzi, nimekuelewa kuhusu tabaka ya pili, na kikundi kimekubali kwamba hatutengenezi kitu cha kugusa nyama.

Mkemia Mstaafu wa Nguo

Kutoka kuelea usiku kucha hadi sekunde 40 ni hatua kubwa, msiidharau. Kuhusu povu, msikimbilie kumlaumu mkonge peke yake: kostiki soda yenyewe hugeuza mafuta na nta ya mmea kuwa sabuni, na sabuni hiyo ikibaki itatoa povu kama saponini. Suuzeni kwa maji ya moto badala ya ya baridi, na kila mara pimeni pH, yaani kiwango cha asidi au kostiki, ya maji yanayotoka mpaka ilingane na ya maji mnayoingiza, kisha rudieni kipimo. Povu likiendelea hata hapo, ndipo mrudi nyuma kwenye jani: osheni singa zikiwa bado mbichi, siku ile ile zinapotoka kwenye korona, kabla utomvu haujakaukia ndani yake. Badilisheni jambo moja tu kwa kila mkupuo, na mwandike.

Muuguzi wa Chumba cha Vidonda

Na mkifika kwenye kushona, fanyeni sentimita 20 kwa 20. Ndogo kuliko hiyo haitoshi mguu wa yule mzee.